Mionzi ya Anga, Lithiamu ya Manono na Maada Isiyoonekana

Neno lithiamu limekuwa neno la kila siku katika Manono. Watu wazima hulitaja sokoni, wanafunzi hulitaja njiani, na magazeti ya nchi za mbali huliandika mara kwa mara, kwa sababu madini hayo hutumika katika kutengeneza bateri za simu na za magari ya umeme. Faida yake yajulikana. Ugomvi wa makampuni juu ya haki ya kuyachimba, ambao umefika hata mbele ya mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa, nao wajulikana. Lakini asili yake, yaani yalikotoka kabla ya kulala katika udongo wa Manono, haijulikani na wengi. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu asili hiyo, kwa maana inatufikisha mbele ya swali mojawapo lililo gumu sana katika elimu ya siku hizi: ile maada ya giza, ambayo wataalamu wasema imejaa ulimwenguni wala haionekani, ni kitu gani? Na mtu atawezaje kuitambua?

JIWE NA ASILI YAKE

Kabla ya lithiamu, Manono ilijulikana kwa bati. Kampuni ya Kibelgiji iitwayo Géomines, iliyoundwa mwaka 1910, ilichimba bati huko kwa miaka mingi, na umeme wa kuendeshea mitambo yake ulitoka katika maporomoko ya Piana-Mwanga ya mto Luvua. Bati na lithiamu hulala pamoja katika mwamba wa namna moja, uitwao pegmatiti. Zamani sana mwamba huo ulikuwa kama uji wa moto chini ya ardhi. Ulipoa polepole, zaidi ya miaka milioni 900 iliyopita, na katika kupoa kwake ulikusanya mahali pamoja madini yaliyo haba kwingineko. Lithiamu yenyewe imo hasa ndani ya mawe yaitwayo spodumeni.

Tuangalie vema hapa: mwamba uliikusanya lithiamu, lakini haukuitengeneza. Dunia yetu nayo haikuitengeneza. Iliipokea pamoja na chuma, kaboni na vitu vingine vyote kutoka katika wingu la gesi na vumbi, ambamo jua na sayari zake zilifanyika miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita. Basi swali larudi nyuma zaidi: wingu lile lilipata wapi lithiamu?

Ili kujibu, yatupasa kujua kwamba atomi za lithiamu ni za namna mbili. Kiini cha namna ya kwanza kina chembe sita: protoni tatu na nyutroni tatu. Kiini cha namna ya pili kina chembe saba: protoni tatu na nyutroni nne. Tukizihesabu atomi 100 za lithiamu ya udongoni, tutaona kwamba 92 hivi ni za namna ya saba, na 8 hivi tu ni za namna ya sita. Lithiamu ya saba ina chimbuko zaidi ya moja: sehemu yake ilifanyika katika dakika za kwanza za ulimwengu, na sehemu kubwa ilitoka katika nyota. Lakini lithiamu ya sita haipatikani kwa njia hiyo, maana moto ulio ndani ya nyota huivunja upesi badala ya kuijenga. Mwaka 1970 wataalamu watatu, Hubert Reeves, William Fowler na Fred Hoyle, walieleza kwamba lithiamu ya namna hiyo, pamoja na beriliamu na boroni, ilifanyika nje ya nyota kabisa, katika uwazi uliopo kati ya nyota na nyota. Mfanyaji wake ni mionzi ya anga.

MIONZI YA ANGA NI NINI?

Mionzi hiyo iligunduliwa na Victor Hess, mwenyeji wa Austria. Wakati ule watu walidhani kwamba mionzi yote ipitayo hewani hutoka katika mawe ya ardhi. Kama ingekuwa hivyo, ingepaswa kupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Hess alitaka kuhakikisha. Tarehe 7 Agosti 1912 alipanda kwa puto mpaka urefu wa mita 5,300 hivi, akiwa na vyombo vya kupimia, akaona kinyume cha matazamio: huko juu mionzi ilikuwa mingi kuliko chini. Basi ilitoka nje ya dunia. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Ingawa yaitwa mionzi, si mwanga kama wa jua. Ni chembe ndogo mno za atomi, zirukazo kwa mwendo unaokaribia mwendo wa mwanga. Kati ya chembe 100, kama 90 ni protoni, yaani viini vya hidrojeni. 9 hivi ni viini vya heliamu. Na iliyobaki ni kiini kizito zaidi, mathalani cha kaboni, oksijeni au chuma. Chembe hizo zifikapo katika hewa yetu hugonga atomi zake na kuzaa chembe nyingine, ambazo hunyesha mpaka chini. Msomaji akinyosha kiganja chake sasa hivi, ajue kwamba chembe moja hivi yakipita kila sekunde, wala haoni maumivu. Wataalamu wengi wakubali kwamba mionzi mingi ya namna hiyo hupata nguvu zake katika mabaki ya nyota zilizolipuka.

Sasa fikirini chembe hizo zikisafiri kwa mamilioni ya miaka kati ya nyota. Njiani zakutana na gesi nyembamba sana, ambayo ndani yake mna atomi za kaboni na za oksijeni. Protoni yenye mwendo mkali ikigonga kiini cha oksijeni, ni kama jiwe lililotupwa juu ya mtungi: mtungi hupasuka, na vipande vyake vyaruka. Baadhi ya vipande hivyo ni lithiamu, beriliamu na boroni. Kwa hiyo zile atomi nane katika mia, zilizomo ndani ya jiwe la Manono, karibu zote ni vipande vya mitungi iliyopasuliwa na mionzi ya anga, kabla jua letu halijawaka. Mchimbaji atoaye spodumeni ardhini ameshika mkononi ushahidi wa mambo hayo.

PADRE ALIYEIHESABIA NJIA YAKE

Kwa kuwa chembe hizo zina umeme, sumaku huzipindisha. Na dunia yetu ni sumaku kubwa. Aliyesaidia sana kuieleza njia ya chembe hizo kuizunguka sumaku ya dunia ni padre Mbelgiji, Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain, aliyepewa upadre mwaka 1923. Mwaka 1933 yeye na Manuel Sandoval Vallarta, mwana wa Meksiko, walitangaza hesabu zao. Zilionyesha kwamba chembe zenye umeme zitokazo nje zapaswa kufika kwa wingi zaidi pande za ncha za dunia kuliko penye ikweta. Vipimo vilivyokuwa vimefanywa na Arthur Compton na wenzake katika nchi nyingi vilipatana na hesabu hizo. Ndiyo maana katika Manono, iliyo nyuzi 7 hivi kusini ya ikweta, mionzi michache zaidi huingia kuliko katika nchi za baridi za kaskazini.

Twapenda kulitaja jambo jingine juu ya Lemaître, maana lahusu somo letu. Yeye ndiye aliyefundisha mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kama atomi moja ya kwanza iliyopasuka. Alidhani pia kwamba mionzi ya anga ndiyo masalio ya mpasuko ule. Katika neno la pili hakupata: mionzi ya anga haitoki huko. Masalio ya kweli ya mwanzo ule ni mnong'ono hafifu wa mawimbi ya redio ujao kutoka pande zote za anga, uliotambuliwa na Arno Penzias na Robert Wilson na kutangazwa mwaka 1965. Lemaître aliipata habari hiyo muda mfupi kabla ya kufa kwake, mwezi wa Juni 1966. Shahidi aliyemtarajia hakuwa shahidi wa kweli. Wa kweli alitokea mlango mwingine. Mambo ya namna hiyo hutokea mara nyingi katika elimu, hata kwa wenye akili kubwa kabisa.

KITU KISICHOONEKANA

Tuje sasa kwenye maada ya giza. Mwendesha mtumbwi mzoefu katika mto Luvua hauoni mwamba uliozama, lakini aona maji yakizunguka na kukunjamana juu yake, naye ajua kwamba pana mwamba. Hivyo hivyo wataalamu wa nyota walitambua kwamba ulimwenguni mna kitu kizito wasichokiona.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, aliyefanya kazi Marekani, alipima mwendo wa galaksi zilizo katika kundi liitwalo Coma. Galaksi ni jumuiya ya mamilioni na mabilioni ya nyota. Jua letu nalo ni nyota moja katika galaksi ya namna hiyo. Zwicky aliona kwamba galaksi za Coma zakimbia mno. Kama kungekuwa na uzito wa zile nyota zionekanazo tu, kundi lote lingalitawanyika zamani. Miaka ya 1970 Vera Rubin na wenzake walionyesha jambo lile lile ndani ya galaksi moja moja: nyota zilizo pembeni huzunguka kwa kasi, kana kwamba zavutwa na uzito mwingi usioonekana.

Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na sehemu yake katika ushahidi huu. Tarehe 12 Desemba 1970, katika sikukuu ya saba ya uhuru wa Kenya, satelaiti ndogo ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia liitwalo San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa eksirei tu. Pamoja na mambo mengine, ilionyesha kwamba makundi ya galaksi kama Coma yatoa eksirei kutoka eneo pana sana, si kutoka nukta moja. Baadaye ikafahamika kwamba eksirei hizo zatoka katika gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, iliyojaa katika kundi zima. Gesi ya moto namna hiyo ingekimbia kama kusingekuwa na kitu kizito cha kuizuia. Uzito wa nyota na wa gesi yenyewe hautoshi.

Kwa hesabu za siku hizi, maada ya giza yapita maada ya kawaida zaidi ya mara tano. Haitoi mwanga, haizuii mwanga, wala haijapata kushikwa katika chombo chochote. Uzito wake tu ndio tunaoutambua.

ALAMA INAYOTAFUTWA

Msomaji atauliza: kama haionekani, mionzi ya anga itatusaidiaje? Jibu ni hili. Wataalamu wengi wadhani kwamba maada ya giza yafanywa na chembe za namna mpya. Yamkini chembe mbili za namna hiyo zikigongana huteketezana, na mahali pake huzaliwa chembe za kawaida. Miongoni mwa watoto hao wangekuwamo positroni. Positroni ni chembe iliyo sawa na elektroni kwa uzito, bali umeme wake ni kinyume. Carl Anderson aliigundua mwaka 1932 katika mionzi ya anga yenyewe. Kwa kuwa positroni ni chache mno ulimwenguni, yeyote atakayezikuta nyingi kuliko kiasi ana haki ya kuuliza zimetoka wapi.

Mwaka 2006 chombo kiitwacho PAMELA kilipelekwa angani juu ya satelaiti ya Urusi. Mwaka 2009 wataalamu wake waliandika kwamba positroni zenye nguvu nyingi zaongezeka badala ya kupungua. Habari hiyo iliwasha moto. Makala mengi yaliandikwa na wengi waliosema: labda hii ndiyo maada ya giza.

Tarehe 16 Mei 2011 chombo kikubwa zaidi kiitwacho AMS kilirushwa, kisha kikafungwa juu ya Kituo cha Kimataifa cha Angani, kiruka­cho kilomita 400 hivi juu ya dunia. Mkuu wa kazi hiyo ni Samuel Ting, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Ndani ya AMS mna sumaku yenye nguvu. Chembe ikipita, sumaku huipindisha upande mmoja au wa pili kwa kadiri ya umeme wake, na vyombo vingine hupima uzito na mwendo wake. Hivyo kila chembe huandikwa kwa jina lake. Kituo hicho huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, nacho hupita mara kwa mara juu ya nchi zetu. Wakati mwingine, baada ya jua kutua au kabla halijachomoza, wakazi wa Manono au wa Kalemie waweza kukiona kwa macho matupu kama nyota yenye mng'ao ipitayo pasipo kumeta.

Mwezi wa Aprili 2013 AMS ilitoa majibu yake ya kwanza, baada ya kuhesabu positroni 400,000 hivi. Ilithibitisha habari ya PAMELA: positroni zenye nguvu kubwa ni nyingi kupita kiasi. Mwaka 2019 ikaongeza kwamba wingi huo hupanda mpaka kiasi fulani cha nguvu, kisha hushuka. Chembe za maada ya giza zenye uzito maalumu zingeweza kuleta sura ya namna hiyo. Lakini je, hizo peke yake?

KUWAHESABU WENYEJI KWANZA

Hapa ndipo lithiamu inaporudi. Mkuu wa kijiji akiambiwa kwamba mgeni ameingia usiku, hawezi kumtambua kama hawajui wenyeji wake. Kadhalika positroni. Mionzi ya anga igongapo gesi kati ya nyota haizai lithiamu tu. Huzaa positroni pia. Hao ndio wenyeji. Ni lazima wahesabiwe kwanza, wakaondolewa katika jumla, ndipo tuseme kwamba waliosalia ni wageni.

Wenyeji huhesabiwaje? Kwa kupima vile vipande vya mtungi. Lithiamu, beriliamu na boroni zilizomo ndani ya mionzi ya anga karibu zote zimezaliwa njiani. Kwa hiyo tukilinganisha boroni na kaboni, twajua chembe zimepita katika gesi nyingi kiasi gani. Na tukijua hivyo, twaweza kukadiria idadi ya positroni zilizozaliwa katika safari ile ile. AMS ilitangaza kipimo cha boroni na kaboni mwaka 2016, na vipimo vya lithiamu, beriliamu na boroni mwaka 2018. Mwaka 2025 ikatangaza hesabu ya viini vya lithiamu karibu milioni mbili, vikitenganishwa vya sita na vya saba. Na tazama tofauti: katika jiwe la Manono lithiamu ya sita ni nane kwa mia, katika mionzi ya anga yakaribia nusu kwa nusu. Sababu twaijua sasa. Udongo wetu umepokea lithiamu ya chimbuko nyingi, bali mionzi hubeba ile iliyozaliwa kwa kupasuka tu.

Hesabu hizo zilipokamilika, jibu lilikuwa wazi katika sehemu moja: positroni zenye nguvu kubwa zapita idadi ya wenyeji. Kuna mgeni. Lakini hesabu haikusema mgeni huyo ni nani.

NYOTA IITWAYO "HAIPO"

Kuna mgeni mwingine anayeshukiwa, nasi twaweza kusema kwamba safari ya kumjua ilianzia pwani yetu. Tarehe 15 Novemba 1972, kutoka jukwaa lile lile la San Marco, ilirushwa satelaiti ya pili ya jamaa ya Uhuru, jina lake SAS-2, ili ichunguze mionzi ya gama, ambayo ni mwanga wenye nguvu kupita eksirei. Katika kuchunguza iliona mahali penye gama nyingi, wala hapakuwa na nyota yoyote iliyojulikana pale. Wataalamu wa Italia wakapaita Geminga, jina ambalo katika lugha ya watu wa Milano lasikika kama "haipo".

Ilichukua miaka ishirini kumfahamu. Mwaka 1992 ilithibitika kwamba Geminga ni pulsari, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyolipuka, kizito mno, chenye kujizungusha mara nne hivi kwa sekunde na chenye sumaku kali ajabu. Iko umbali ambao mwanga huusafiri kwa miaka 800 hivi, nao kwa vipimo vya nyota ni ujirani. Na pulsari, kwa sababu ya sumaku hiyo, zaweza kuzaa elektroni na positroni kwa wingi. Basi huenda wingi wa positroni watoka kwa Geminga na wenzake, wala si kwa maada ya giza.

Kesi haijaisha. Mwaka 2017 wataalamu wa HAWC, chombo kilicho juu ya mlima wa Meksiko, waliona kwamba chembe za Geminga huenea polepole mno, hata wakasema kwamba zisingaliweza kutufikia kwa wingi. Upande wa maada ya giza ukapata nguvu. Lakini wengine wakajibu kwamba yamkini mwendo huo wa polepole uko karibu na pulsari tu, na mbali nayo chembe hukimbia. Kwa hiyo Geminga haikuachiliwa. Kwa upande wa pili, darubini za H.E.S.S. zilizo katika Namibia zimeutazama kwa miaka mingi moyo wa galaksi yetu, mahali ambapo maada ya giza yapaswa kuwa nyingi, zikitafuta gama za kuteketezana kwake. Hazijaipata alama hiyo.

SOMO KWETU

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yafaa kwa habari za kijijini, bali katika elimu lisemwalo sharti lihesabiwe. Tangu mwaka 2009 ingalikuwa rahisi sana kwa wenye PAMELA au AMS kupiga mbiu kwamba maada ya giza imepatikana. Dunia nzima ingaliwasifu. Hawakufanya hivyo. Walirudi kwenye lithiamu na boroni, wakahesabu viini kwa mamilioni, ili wajue kwanza yale yanayojulikana. Vyombo vya kupoza AMS vilipoanza kuharibika, wanaanga wawili, Luca Parmitano na Andrew Morgan, walitoka nje ya kituo mara nne, kati ya Novemba 2019 na Januari 2020, wakakata na kuunga mirija katika utupu, kusudi hesabu isikatike. Hawakujua kama mwisho wake ungekuwa maada ya giza au pulsari. Walijua tu kwamba hesabu isiyokamilika haitoi hukumu.

Twasema na wazazi wa Manono hasa. Ni kweli kwamba lithiamu yaweza kuleta kazi na barabara, tena ni haki ya wananchi kudai sehemu yao katika mali ya ardhi yao. Lakini kijana anayeacha daftari kwa ajili ya sululu ataijua lithiamu kwa uzito wa gunia tu, na bei atapangiwa na mwingine. Anayebaki darasani akajifunza hesabu, umeme na habari za atomi, ataweza kusoma ndani ya jiwe hilo hilo mambo yaliyotukia kabla ya jua kuwaka, na ataweza pia kuelewa mkataba unaowekwa mbele ya wakubwa wake. Elimu mbili hizo zina mzizi mmoja: kupima kwa uaminifu kabla ya kusema.

Na kwa wanafunzi twaongeza neno. Swali la maada ya giza liko wazi mpaka leo. Huenda litajibiwa kwa hesabu za positroni, huenda kwa gama, huenda kwa njia isiyofikiriwa bado, kama ilivyotokea kwa Lemaître. Watakaolijibu wangali vijana, na baadhi yao bado wako katika madarasa ya msingi. Hakuna sababu hata mmoja wao asitoke Manono, penye mawe yanayobeba alama ya mionzi ya anga. Ajifunze kwanza kuhesabu vema yale yaliyo mbele ya macho yake.